Konokono wa Wasini na Daftari la Kibuyuni



Nimeombwa nizungumzie kiumbe asiyeliwa wala kuuzwa. Jongoo bahari tunamjua kwa bei yake na pweza kwa utamu wake. Huyu hana mnunuzi, kwa hiyo wengi tunampita. Ni konokono wa baharini asiye na gamba, anayeishi kwenye matumbawe. Kitaalamu anaitwa Halgerda wasinensis, na Wasini inayotajwa humo ni kisiwa hiki hiki tunachokiona kutoka hapa Kibuyuni.

Mwaka 1901 na 1902 Mwingereza mmoja, Cyril Crossland, alikusanya viumbe wa bahari Unguja na katika pwani hii yetu, Wasini ikiwemo. Konokono wasio na gamba walimfikia Sir Charles Eliot, ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa kamishna wa himaya ya Uingereza ya Afrika Mashariki. Eliot alikuwa bingwa wa lugha na mpenzi mkubwa wa konokono hawa. Aliwaeleza wengi katika jarida la Jumuiya ya Zuolojia ya London, na mwaka 1904 akamtangaza huyu wa Wasini. Mwaka huohuo alijiuzulu ukamishna kwa mvutano na wakubwa wake kuhusu kuwagawia walowezi ardhi ya Wamaasai. Siwezi kuyatenganisha mambo haya mawili: mtu aliyeiona ardhi ya bara kuwa ya kupewa wageni ndiye aliyewachunguza konokono wetu kwa subira kubwa namna ile. Kazi yake ya sayansi ni nzuri na inatumika hadi leo. Lakini kila jina hili la kitaalamu linapoandikwa kwa ukamilifu, linalofuata ni Eliot, 1904, na mwenyeji aliyejua mwamba upi uzamiwe na maji yakiwa vipi hatajwi.

Tumtazame konokono huyu kwa karibu. Mwili wake ni wa rangi ya giza uliochorwa manjano, una matuta na vinundu, na ukimgusa ni mgumu kuliko unavyotarajia. Mbele ana pembe mbili za kunusia maji. Nyuma, juu ya mgongo, hutokeza kishada cha matamvua ambacho hukirudisha ndani akishtuka. Chakula chake ni sifongo, anazozikwangua kwa ulimi wenye meno madogo mno. Jamaa zake kadhaa huhifadhi mwilini sumu ya sifongo wanazokula, na rangi zao kali huwaonya samaki wasiwaguse. Kila mmoja ni dume na jike kwa pamoja, ila bado huhitaji mwenzake ili kuzaa. Mayai hutagwa katika utepe uliojizungusha na kunata kwenye mwamba. Vitoto vikitoka huelea na mkondo vikiwa na gamba dogo, kisha hulitupa vinapotua.

Wengi wa konokono hawa huishi kama mwaka mmoja tu au chini yake. Kwa hiyo sifongo zikipungua, wao hupungua upesi, na anayewafuatilia huona badiliko la mwamba mapema. Joto la bahari la mwaka 1998 liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya, na mwaka 2016 matumbawe yalipauka tena. Mwamba ukishaharibika, ni kumbukumbu za kabla ya hapo zinazotuambia kilichopotea.

Ombi langu ni kwamba kumbukumbu hizo tuziandike sisi. Eliot kwa sehemu kubwa alitegemea vielelezo vilivyokaa kwenye spiriti, na humo rangi hufifia. Nyinyi mnawaona wakiwa hai. Kina mama hasa, mnaoshuka bamvua kufunga na kuvuna mwani, mnaona yasiyoonwa na mzamiaji: Eliot huyohuyo aliita jamii nyingine Crosslandia, kwa heshima ya mkusanyaji wake, nayo huishi kwenye majani ya bahari na mwani ikijificha kwa rangi yake. Kamba ya mwani inapoinuliwa, tazameni kabla ya kukung'uta.

Daftari liwe na tarehe, hali ya maji, jina la mwamba kama wavuvi wanavyouita, rangi ya konokono, alikuwa juu ya kitu gani, na kama palikuwa na utepe wa mayai. Picha ya simu inatosha. Asichukuliwe, na ndani ya hifadhi ya Kisite ni marufuku kabisa. Na jiwe likipinduliwa lirudishwe lilivyokuwa, maana sifongo nyingi hukaa upande wa chini na jua huziua.

Napendekeza daftari likae kwenye banda la mwani hapa Kibuyuni, nakala ipelekwe Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, KMFRI, kila baada ya miezi mitatu, na kila mstari uwe na jina kamili la aliyeona.