Maskani Yetu Karibu na Chuo
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano mkuu wa chama)



Halmashauri ya chama imenipa heshima ya kusema maneno machache juu ya maisha ya mtaa wenye utulivu, unaofaa kulea watoto, ulio jirani na chuo kikuu. Nilipoipokea mada hii niliiona nyepesi, kwani ni nani miongoni mwetu asiyeujua mtaa wake? Lakini niliposhika kalamu niliiona nzito, maana ndani yake limo swali ambalo chama chetu hakina budi kulijibu kabla mwaka huu haujaisha, nalo ni swali la uwanja wetu. Nitalifikia, inshallah, ila naomba mniwie radhi nianze mbali kidogo.

Hapa Nkoma tunakaa upande wa kaskazini wa Mbale, kando ya barabara iendayo Kumi. Asubuhi tukifungua madirisha twaiona Wanale imesimama kama ukuta wa nyumba ya jitu, na baada ya mvua maji huteremka kwenye miamba yake mfano wa nyuzi nyeupe. Mji wetu ulianza mwanzoni mwa karne ya 20, katika siku za Semei Kakungulu, na tangu tarehe 1 Julai mwaka 2020 umehesabiwa miongoni mwa majiji ya Uganda. Walakini mtaa wetu haukupata sifa yake kwa mlima wala kwa cheo cha mji. Umeipata kwa sababu ya chuo.

Mwaka 1974, katika mkutano wa wakuu wa nchi za Kiislamu uliofanyika Lahore, Pakistan, ilikatwa shauri kwamba Afrika ijengewe vyuo vikuu viwili, kimoja Niger kwa wasemao Kifaransa na kimoja Uganda kwa wasemao Kiingereza. Kati ya azimio hilo na siku ya kufunguliwa milango ilipita miaka 14, na ndani ya miaka hiyo nchi yetu iliona vita vya mwaka 1979 na mashaka yaliyofuata. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda kilifunguliwa hapa Mbale mwaka 1988 kikiwa na wanafunzi 80 tu. Wanafunzi 80, mabwana na mabibi, ni watu ambao mwenye duka aweza kuwajua wote kwa nyuso, na mwenye kuwakopesha sabuni akawakumbuka kwa majina. Leo ni maelfu, na chuo kina matawi Kampala na Arua. Sisi tuliokuwa majirani wa watu 80 tumekuwa majirani wa umma mzima.

Je, tumepata nini kwa ujirani huo? Watu aghalabu hutaja kwanza biashara, nami siikani. Muuza chapati, fundi cherehani, mwenye kupiga chapa karatasi na kijana wa bodaboda wote hula kwa baraka ya chuo. Lakini faida iliyo kubwa zaidi haihesabiwi dukani. Mtoto aliyezaliwa katika mtaa huu huwaona kila siku vijana wa kiume na wa kike wakipita na vitabu mkononi. Haulizi kama elimu ya juu ni ya watu wa namna yake. Huuliza tu atavaa nini siku atakapokwenda. Tena husikia lugha nyingi. Wapo waliotoka Kenya, Tanzania, Somalia na kwingineko, na Kiswahili ambacho zamani kilikuwa lugha ya sokoni na msikitini, kimekuwa lugha ya vibaraza vyetu. Nimemwona mwanafunzi wa pwani akifundishwa na mama Mgisu kula malewa kwa karanga, naye akimfundisha mama kupika wali wa nazi. Darasa hilo halina cheti, lakini ni darasa.

Wala jambo hili si geni. Cairo, katika Al-Azhar iliyoanzishwa karne ya 10, wanafunzi wa nchi mbalimbali walikuwa na maskani zao kwa asili zao. Lamu, katika msikiti wa Riyadha, walifika wanafunzi kutoka mbali wakapokewa na wenyeji. Popote penye chuo pana mji unaokizunguka, na heshima ya chuo huwa nusu yake katika mikono ya mji huo.

Sasa niseme juu ya utulivu. Wengine hudhani utulivu ni kimya. La, mtaa wenye kimya kitupu ni mtaa uliohamwa. Utulivu ni kuwa kila sauti ina mahali pake na wakati wake: adhana alfajiri, kinu asubuhi, watoto alasiri, wanafunzi wakisomeana chini ya mwembe jioni. Kinachovunja utulivu ni sauti isiyo na mwenyewe, ambayo ukiisikia usiku hujui umwendee nani. Na sauti za namna hiyo zimeongezeka miongoni mwetu. Nitaeleza sababu yake.

Baba mwenye watoto wanne akipanga nyumba, hulipa kodi moja mwezi kwa mwezi, na mwezi mwingine huchelewa. Nyumba hiyo hiyo ikigawanywa vyumba, kila mwanafunzi hulipa kwa kichwa chake, tena hulipa mwanzo wa muhula. Mwenye nyumba hahitaji kujua hesabu nyingi ili aone penye faida. Basi baba yule huambiwa kwa upole atafute mahali pengine, naye huhamia mbali, akaondoka na mke aliyekuwa akifagia mbele ya mlango, na bibi aliyekuwa akikaa barazani akijua nani ameingia na nani ametoka. Muhula ukiisha, wanafunzi nao huenda makwao. Hapo utapita kichochoro kizima usiku usione taa wala usipate wa kuitikia salamu yako. Mwizi hupenda mtaa wa namna hiyo kuliko mtu yeyote. Kumbe familia ndizo zinazoulinda mtaa, na tukiziondoa zote kwa ajili ya kodi, hata mwanafunzi aliyefuata utulivu hataukuta.

Nasema haya si kwa kuwalaumu wengine. Mimi mwenyewe nilijenga vyumba sita nyuma ya nyumba yangu, na sasa sina budi kuwasimulia jambo ambalo sijawahi kulisema hadharani.

Niliweka sheria kwamba lango hufungwa saa nne za usiku. Ilikuwa sheria njema, nami nilijisifu kwayo. Usiku mmoja, wakati wa mitihani, mpangaji wangu mmoja, binti aliyetoka mbali, alichelewa katika maktaba. Saa nne na nusu alibisha. Nilimsikia. Nilikuwa macho, na ufunguo ulikuwa chini ya mto wangu. Nikasema moyoni, sheria ni sheria, na leo atajifunza. Akabisha mara ya pili, kisha ya tatu, kisha kukawa kimya. Nikalala.

Alfajiri jirani yangu, mama mjane ambaye nyumba yake ni vyumba viwili tu, alikuja langoni akiwa amemshika binti yule mkono. Usiku alimsikia akilia barabarani, akamfungulia, akamlaza mkekani pamoja na binti zake. Hakunikaripia. Alisema tu, “Mzee, nimekuletea mtoto wako.”

Laiti mambo yangeishia hapo, ningepata aibu ndogo na funzo kubwa. Lakini mwisho wa mwaka baba yake binti alisafiri siku mbili kwa basi kuja kumchukua. Akaingia kwangu na zawadi ya kahawa na kanzu, akanishika mikono miwili, akanishukuru kwa kuwa mwanawe alimweleza kwamba hapa mtaani alipokewa kama yuko kwao hata usiku aliochelewa. Binti hakumtajia baba yake ni nani aliyefunga na ni nani aliyefungua. Alinisitiri. Na yule mama alikuwepo, amekuja kumuaga. Naye pia alinyamaza. Nami, mabwana na mabibi, nilinyamaza, nikaipokea ile kanzu.

Mama huyo yumo katika ukumbi huu, na kabla sijasimama hapa nilimwomba ruhusa ya kusema, akanipa. Shukrani zile zilikuwa zake. Nazirudisha kwake leo mbele yenu nyote. Na funzo nililolipata ni hili: anayempangisha mtoto wa mwenziwe chumba karibu na chuo hakuuza chumba tu, bali amepokea amana. Wahenga walisema heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali, na mwanafunzi ndiye mtu ambaye ndugu zake wote wako mbali.

Nafika sasa kwenye uwanja wetu. Ninyi mnajua kwamba tumeletewa neno la kuununua, ijengwe hosteli ya ghorofa nne. Fedha zilizotajwa si haba. Zingetosha kuezeka upya madrasa yetu inayovuja, na zingebaki. Wanaotaka tuuze si watu wabaya. Wamechoka kuona watoto wakisoma huku wameweka ndoo katikati ya darasa. Nami nimechoka pia. Walakini naomba tusiuze, kwa sababu tatu.

Kwanza, uwanja ule ndio mahali pa mwisho ambapo watoto wetu na wanafunzi wa chuo hukutana bila ya kodi kati yao. Mtoto wangu wa mwisho alifundishwa hesabu za sehemu juu ya mchanga wa uwanja ule, kwa kijiti, na kijana ambaye mpaka leo sijui jina lake.

Pili, maji. Mwishoni mwa Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika katika mji wetu, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha yao. Mvua ya mlimani hatuwezi kuizuia, lakini tunaweza kuiachia mahali pa kupita na ardhi ya kuinywa. Kila kiwanja tunachokifunika kwa saruji ni kiwanja kinachorudisha maji mlangoni kwa jirani aliye bondeni.

Tatu, paa la madrasa ni haja ya mwaka huu, na uwanja ni haja ya miaka yote. Paa likichakaa huezekwa tena. Uwanja ukiuzwa haurudi.

Lakini mtu anayesema “tusiuze” na kisha akaketi, amewaachia wenziwe ndoo zao. Kwa hiyo naleta shauri. Kila mwenye vyumba vya kupangisha atoe, kila muhula, kodi ya chumba kimoja kwa ajili ya paa hili mpaka likamilike. Mimi naanza, na fedha yangu ya muhula huu nimekwisha mkabidhi Mweka Hazina. Kadhalika, kila mwenye nyumba awe na nambari ya simu ya mzazi wa kila mpangaji wake. Kila lango liwe na mtu mzima wa kulifungua usiku, kwa kukaripia akitaka, lakini afungue. Kila mwanzo wa muhula tuwaalike wanafunzi wapya hapa, wajue majina yetu nasi tujue yao, ili sauti ya usiku iwe na mwenyewe. Na siku moja katika kila mwezi tuzibue mitaro pamoja nao. Mwisho, nawasihi wenye nyumba nyingi wabakize angalau moja kwa ajili ya familia, hata kama faida yake ni ndogo.

Bwana Mwenyekiti, wanaotafuta nyumba huuliza kama ina maji, kama ina umeme, na kama barabara ni nzuri. Wazee wetu waliuliza jirani kabla ya nyumba. Wazazi walio mbali, wanaowatuma watoto wao kwetu kila mwaka, hawana njia ya kuuliza. Wao hutuamini tu. Siku wakija kutushukuru, nawaombea ninyi nyote mpokee shukrani hizo kwa mikono iliyofungua lango.