Lami haijaifupisha nchi

Kila inapokaribia Desemba huzuka mashindano yasiyo na refa wala kombe. Utayasikia kazini, vijiweni na hata nje ya nyumba za ibada. Mmoja atasema alitoka Dar es Salaam saa kumi alfajiri na saa mbili usiku alikuwa Mwanza anakula sato. Wa pili atasema huyo alichelewa, yeye saa moja jioni alikuwa amekwisha oga. Wa tatu, ambaye mara nyingi ndiye mwenye gari dogo kuliko wote, atasema yeye huunganisha hadi Bukoba bila kulala. Wanaosikiliza hutikisa vichwa kwa kumstahi. Leo nataka kuzungumza na hao watatu, na hao wanaotikisa vichwa pia.

Nchi yetu ni kubwa. Ina zaidi ya kilomita za mraba 940,000, ukihesabu na maziwa yake. Chukua Mkoa wa Tabora peke yake, ambao msafiri wa Mwanza huupita Igunga na Nzega bila hata kuuona mji wenyewe wa Tabora: ukizichukua Rwanda na Burundi ukaziweka humo zote mbili, zinaenea na nafasi inabaki. Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza kwa njia ya Dodoma, Singida na Shinyanga ni yapata kilomita 1,150. Bukoba ni yapata 1,400. Huo ni mwendo ambao katika nchi nyingi mtu angekuwa amekwisha vuka mipaka miwili au mitatu.

Na kuvuka mipaka si mzaha. Vijana hawatasadiki, lakini katika miaka ya 1980 na 1990 mtu wa Mwanza aliyetaka kwenda Dar es Salaam kwa basi aliondoka Tanzania kwanza. Alipita Musoma, akatoka Sirari, akaingia Kenya mpaka Nairobi, akarudi nyumbani kwa mlango wa Namanga, ndipo akashika njia ya Arusha. Mtanzania anatoka mji wa Tanzania kwenda mji wa Tanzania, na mfukoni ana hati ya kusafiria! Asiyetaka hayo alipanda treni, reli ile iliyofika Mwanza mwaka 1928. Gari dogo kupita katikati ya nchi lilikuwa jambo la kuagana na jamaa. Ukishateremka Sekenke uliikuta mbuga ya Wembere, na Wembere wakati wa masika haikuwa na adabu kwa gari la mtu yeyote, awe mkulima au mkubwa wa serikali. Udongo wake mweusi ukishika tairi, hesabu ya saa inakwisha, unaanza kuhesabu siku.

Wakati huo hakuna aliyehitaji kuambiwa alale njiani. Barabara yenyewe ilimlaza.

Lami ya njia ya kati ilikamilishwa kipande kwa kipande katika miaka ya mwanzo ya karne hii, na mabasi yakaacha kuzunguka Nairobi. Mwaka 2023 serikali ikaondoa zuio la mabasi kusafiri usiku, zuio lililokuwapo tangu miaka ya 1990. Mwaka 2025 likafunguliwa daraja la Kigongo na Busisi, kilomita tatu juu ya maji ya Ziwa Victoria, na foleni ya kivuko, ile iliyompumzisha dereva atake asitake, ikabaki hadithi. Haya yote ni mema, na mimi si miongoni mwa wanaolilia matope. Ninachosema ni kwamba kila kilichokuwa kikimsimamisha dereva kimeondolewa, na hakuna kilichowekwa mahali pake ila busara yake mwenyewe, ambayo saa kumi na mbili jioni, baada ya kutwa nzima kwenye usukani, huwa imechoka kama yeye.

Hebu tuifuate safari hiyo kwa saa. Dereva wetu ameamka saa tisa usiku. Kwa kweli hakulala vizuri, maana hadi saa tano alikuwa akifunga mizigo na kumtafuta fundi wa breki. Saa kumi anaondoka. Tumpe wastani wa kilomita 70 kwa saa, pamoja na kujaza mafuta, chai na vijiji. Vijiji ni vingi, na kila kijiji kina kibao cha 50, na nyuma ya mti wa mwisho kuna trafiki na tochi yake. Chalinze anapita kungali giza. Kibaigwa, penye lile soko kubwa la mahindi, jua limekwisha panda. Dodoma anafika saa nne na nusu, moyo mkunjufu, anawapigia simu nyumbani kwamba saa kumi na mbili wateleke ugali.

Kutoka hapo mambo yanageuka. Bahi kuna joto. Anapanda Saranda, anapita Manyoni, barabara imenyooka mno na haina la kumwamsha. Singida anaingia saa nane mchana. Anakula kuku wa kienyeji, na wa Singida wana sifa yao, kisha anarudi kwenye gari tumbo limejaa. Sasa, kutoka Singida hadi Nzega njia inaelekea magharibi, kwa hiyo jua la alasiri analipokea usoni, dakika hadi dakika. Na ile saa nane hadi saa kumi mchana ndiyo saa ambayo mwili wa binadamu hutaka kulala hata kama hakusafiri. Wenye maofisi wanaifahamu. Katika saa hiyohiyo, na jua hilohilo, ndipo anapoanza kuteremka Sekenke yenye kona zake, nyuma ya malori yanayokwenda Rwanda, Burundi na Kongo.

Tuseme Mungu amemvusha. Magharibi inamkuta Shinyanga. Zimebaki kilomita 160 hivi, na anajiambia amekwisha fika. Kumbe kipande hicho ndicho chenye watu kuliko vyote alivyopita. Ni Usukumani, wakati wa watu kurejea majumbani: baiskeli zisizo na taa, mikokoteni ya ng'ombe isiyo na taa, ng'ombe wenyewe wasio na taa wala mchungaji mwenye haraka. Bodaboda zina taa, ila moja huwaka na nyingine huwashwa kwa maombi. Dereva aliyekuwa hodari asubuhi penye uwazi anaingia mahali penye msongamano akikaribia saa kumi na saba tangu aamke.

Saa hizo kumi na saba sikuziokota barabarani. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia walichapisha matokeo ya kupima watu waliokesha na watu waliokunywa pombe. Waligundua kwamba aliyekaa macho saa kumi na saba, akili na mikono yake hufanya kazi kama ya mtu ambaye damu yake ina pombe miligramu 50 katika kila mililita 100. Nchi nyingi za Ulaya hazimruhusu mtu wa kiwango hicho kushika usukani. Dereva wetu hajaonja hata bia moja. Trafiki akimpuliza kwenye kile kifaa, atamtakia safari njema.

Na usingizi wa barabarani hauji kwa kukoroma. Unakuja kwa sekunde tatu, nne. Macho pengine yako wazi. Gari likienda kilomita 100 kwa saa, sekunde nne ni mita 111, yaani urefu wa uwanja wa mpira na zaidi, umeuvuka hakuna mtu kwenye usukani. Kufungua dirisha, kuongeza sauti ya redio (nasema hivi mimi ninayekula kwa redio), kutafuna karanga au kunywa vile vinywaji vya kopo vinavyosemekana vinatia nguvu, yote hayo huahirisha tu. Dawa ya usingizi ni kulala.

Basi la safari ndefu linatakiwa kuwa na madereva wawili, na LATRA hulifuatilia kwa kifaa cha kuonyesha mwendo wake. Lori husimamishwa kwenye mizani. Mwenye gari lake binafsi hana msimamizi. Amebeba mke, watoto wanne na bibi yao kiti cha nyuma, abiria ambao hawakukata tiketi na kwa hiyo hawana wa kumlalamikia.

Kwa nini basi hatulali Singida, pale karibu na katikati ya njia? Wengine husema gharama. Sikubaliani nao. Chumba cha kawaida katika nyumba ya kulala wageni hakifikii bei ya kujaza tangi, na tangi hilo hulijaza zaidi ya mara moja. Wengine husema siku za likizo ni chache. Hilo lina uzito kidogo. Lakini kubwa ni ile sifa niliyoanza nayo: mtu anaona aibu kusema alilala njiani, kama vile gari lake lilimshinda.

Liko jambo moja ambalo si la sifa wala ubahili, nalo ni msiba. Mtu amefariki Muhimbili, kwao ni mbali. Asubuhi watu wanachangishana, jioni maiti inaagwa, usiku msafara unaondoka ili mazishi yafanyike kesho yake. Dereva ni mpwa au shemeji, ameshinda akishughulikia jeneza na kibali, hajala, hajalala, amelia. Huyo ndiye tunayempa usukani na roho za watu ishirini. Februari 2023, kwenye barabara ya Kaskazini pale Korogwe, Coaster iliyokuwa ikisindikiza maiti kutoka Dar es Salaam kwenda Kilimanjaro iligongana na lori usiku. Walikufa watu wasiopungua 17, wengi wao wa ukoo mmoja. Sisemi kwamba dereva wa Coaster alisinzia. Taarifa za siku zile zilizungumzia lori lililokuwa likijaribu kulipita gari jingine. Nasema walikuwa njiani saa ile kwa sababu ya desturi yetu ya kuharakisha.

Kwa wale ambao dini na mila zao zinaruhusu kungoja, nawauliza wazee wa koo: kwa nini mazishi yasiwe keshokutwa? Marehemu hana haraka tena. Msafara ungeondoka asubuhi, dereva angetafutwa mtu asiyehusika na msiba, na wafiwa wangefika wakiwa hesabu ileile waliyoondoka nayo. Hili haliwezi kuamriwa na Bunge. Linaamriwa kwenye kile kikao cha ukoo, chini ya turubai, mtu mzima mmoja akithubutu kusema.

Upande wa serikali nina ombi dogo. Tumejenga barabara, mizani na vituo vya kukagua malori. Mwenye gari dogo aliyezidiwa na usingizi kati ya Manyoni na Nzega hana mahali rasmi pa kuegesha, penye taa, choo na mlinzi, alale saa moja bila kuogopa vibaka. Akiegesha pembeni ya lami anahatarisha maisha yake na ya wengine. Akiingia kituo cha mafuta anaambiwa anaziba njia. Vituo vya namna hiyo havihitaji mkopo kutoka nje. Halmashauri zilizo njiani zingeweza kuvijenga na mama lishe wake wakapata wateja usiku na mchana.

Mpaka hapo vitakapojengwa, anayeondoka Dar es Salaam kesho alfajiri atafika Singida saa nane mchana, na vyumba vipo.