Kutoka Udalali hadi Uthamini: Njia ya Kijana wa Nyangoto

Mgodi wa North Mara ulianza kuzalisha dhahabu mwaka 2002. Katika vijiji vinavyouzunguka, Nyangoto kikiwamo, watu wanamjua mgeni anayepita na fomu akihesabu vyumba, miti na makaburi: ni mthamini. Wanamjua pia dalali, anayemtafutia muuzaji mnunuzi na kuchukua chake. Mada hii inatetea jambo moja: kijana wa hapa anayependa shughuli za ardhi asiishie kwenye udalali. Asomee uthamini, asajiliwe.

Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini, Na. 7 ya 2016, iliunda Bodi ya Usajili wa Wathamini, na asiyesajiliwa haruhusiwi kufanya kazi hiyo. Udalali wa viwanja Tanzania Bara umekua bila kizingiti cha namna hiyo. Ng'ambo ya mpaka wa Sirari, Kenya ilitunga sheria ya kuwasajili mawakala wa nyumba na ardhi mwaka 1984.

Njia ya masomo inajulikana. Aliyemaliza kidato cha nne anaweza kuanzia Chuo cha Ardhi Tabora, ngazi ya cheti au stashahada. Wa kidato cha sita mwenye sifa huomba shahada ya usimamizi wa ardhi na uthamini, Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam. Baada ya hapo hufanya kazi chini ya wazoefu, kisha huiomba Bodi imsajili.

Elimu hiyo ina uzito gani kijijini? Chukua kanuni za fidia ya ardhi za mwaka 2001. Bei ya soko ya shamba na nyumba ni mwanzo tu. Anayehamishwa, kwa mfano kupisha mgodi, hukadiriwa pia posho ya usumbufu, usafiri wa tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20, na posho ya makazi: kodi ya mwezi mara 36. Nyumba ambayo ingepangishwa kwa shilingi 50,000 inaongeza shilingi 1,800,000. Mama asiyelijua hilo atasaini bila kuuliza.

Upo pia ukweli mchungu. Dhahabu iliyo chini ya shamba haiingii kwenye hesabu, kwa kuwa madini ni mali ya Jamhuri. Na vibanda vya tegesha, vinavyosimamishwa harakaharaka ili kuvizia fidia, huzaa migogoro mirefu. Mambo haya yaelezwe kwa Kikuria, lugha ya wenyeji, mapema, na mtu mwenye taaluma. Mthamini mzawa asithamini mali ya nduguze, lakini anaweza kuwafundisha kuisoma fomu kabla ya kutia saini.

Sheria ya Madini, kwa marekebisho ya 2017, inautaka mgodi upange uwajibikaji wake kwa jamii kwa kukubaliana na serikali za mitaa. Inapendekezwa kwamba mpango huo ulipie ada za vijana wa kike na wa kiume wanaosomea uthamini, na kwamba wakati wa likizo wafundishe kwenye mikutano ya vijiji.