Safari ya Kwanza ya Tanzania: Msitake Kuiona Yote

Yafuatayo ni maneno ya hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama wa chama kimoja cha akiba katika mtaa wa Dallas, mjini Embu. Tumeyapiga chapa hapa kwa faida ya wasomaji wengine walio na nia ya safari kama hiyo.



Mtaa wenu waitwa Dallas, na mtu asiyeijua Embu akisikia ya kuwa watu wa Dallas wanataka kusafiri, huenda akadhani habari hizi ni za mji ule mkubwa wa Texas katika Marekani. Sivyo. Nchi mnayotaka kuitembelea ni jirani yetu. Mtu akiondoka hapa alfajiri aweza kulala ndani yake usiku uo huo. Lakini ujirani usiwadanganye. Nchi yaweza kuwa karibu, nayo ikawa kubwa sana.

Mwenyekiti wenu amenieleza ya kuwa mmeweka akiba kwa muda wa miaka miwili, na ya kuwa mna siku saba tu. Wengine wenu wana ng'ombe wa kukamuliwa, wengine wana vibanda vya biashara, na wengine ni vibarua, ambao siku wasiyofanya kazi hawalipwi. Amenieleza pia ya kuwa hamjapatana. Wako watakao kwenda Unguja, wako watakao Mwanza, wako watakao kuiona Dodoma, na bwana mmoja asema harudi nyumbani asipofika Kigoma.

Shauri langu nitalitoa sasa, kisha nitaeleza sababu zake. Chagueni upande mmoja wa nchi, muuone vizuri, na pande nyingine ziacheni kwa safari nyingine.

UKUBWA WA NCHI

Kenya ina eneo la kilomita za mraba zipatazo 580,000. Tanzania ina zipatazo 945,000, yaani Kenya moja na zaidi ya nusu ya Kenya nyingine. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2022 walipatikana watu 61,741,120, nao ni wa makabila zaidi ya 120. Wako Wabantu kama sisi, wako Wamasai, wako Wairaqw wa nyanda za Mbulu, na wako Wahadzabe wa pande za Ziwa Eyasi, ambao lugha yao ina sauti za kualika ulimi. Unguja na Pemba, zilizoungana na Tanganyika tarehe 26 Aprili, 1964, zina mila zao na Serikali yao ya Mapinduzi ndani ya Muungano.

Sasa tutazame barabara. Kutoka Arusha mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 600. Kutoka Dar es Salaam mpaka Mbeya ni zaidi ya 800. Kutoka Dar es Salaam mpaka Mwanza ni zaidi ya 1,100. Mtu mwenye siku saba akitaka kuipita miji hiyo yote, atakalolijua sana ni kiti cha basi.

Nasema hivi kwa kuwa mimi mwenyewe nilifanya kosa hilo. Katika safari yangu ya kwanza nilikuwa kijana, na nilikuwa na siku saba kama ninyi. Niliandika katika karatasi miji mitano, nami nikaona fahari kuisoma karatasi ile mbele ya rafiki zangu. Siku nne nzima nilikuwa ndani ya mabasi. Mwanza nilifika usiku nikaondoka asubuhi, hata ziwa sikuliona vema. Nilipofika Dar es Salaam, fedha zilizobaki zilikuwa za nauli ya kurudi tu. Nikasimama ufukoni, nikaitazama meli ya Unguja ikiondoka, nami sikuwa na nauli ya kuipanda. Niliporudi nyumbani, mama yangu aliniuliza, "Watu wa huko wanaishi namna gani?" Nikakosa jawabu. Wazee walisema kweli: mtaka yote kwa pupa hukosa yote.

UPANDE WA KUCHAGUA

Kwa watu wa Embu na Meru, mimi naona upande wa kaskazini ndio ufaao kwa mara ya kwanza, yaani Arusha na Moshi. Kwanza, ni karibu. Kutoka Namanga mpaka Arusha ni kilomita zipatazo 110, na kutoka Arusha mpaka Moshi ni zipatazo 80. Pili, ni nchi ya mlima kama yetu. Sisi tunalima kahawa chini ya Kirinyaga, wenye urefu wa mita 5,199. Wachaga wanalima kahawa na migomba chini ya Kilimanjaro, wenye mita 5,895. Chama chao kikuu cha ushirika wa kahawa, kiitwacho KNCU, kiliandikishwa mwaka 1933. Mkulima wa Embu atakuwa na mengi ya kuuliza huko. Tena ataiona mifereji ya maji ambayo wazee wa Kichaga waliichimba tangu zamani kuteremsha maji ya mlima mashambani.

Tatu, karibu na Arusha mtawakuta Wameru. Ndiyo, Wameru! Wanakaa juu ya mlima uitwao Meru, nao si hao jamaa zetu wa Igembe na Imenti. Jina ni moja, bali lugha ni mbalimbali. Kimeru cha Kenya kimekaribiana na Kiembu na Kikuyu. Kimeru cha Tanzania kimekaribiana na Kichaga. Mwaka 1951 watu wao wapatao 3,000 waliondoshwa kwa nguvu katika ardhi yao ya Engare Nanyuki ili wapewe walowezi, na mwaka 1952 mwenzao Kirilo Japhet akaenda New York kuyaeleza malalamiko yao mbele ya Umoja wa Mataifa. Watu wa nchi yetu, ambao nao waliyaona mambo ya ardhi, wataielewa habari hiyo bila mkalimani.

Wale watakao Unguja au Dodoma sikuwasahau. Tangu mwaka 1984 mpaka leo bahari haikuhama, wala haitahama. Tena tangu mwaka 2024 liko gari moshi la umeme liendalo kutoka Dar es Salaam mpaka Dodoma. Hiyo yaweza kuwa safari yenu ya pili: pwani na reli, pasipo kupita njia ya kaskazini kwa haraka.

HATI NA SINDANO

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa mpaka mwaka 1983. Wako wazee waliokosa kuwazika ndugu zao kwa sababu hiyo. Siku hizi njia ni wazi, na Mkenya hatakiwi viza. Tangu Desemba 2018 kituo cha pamoja cha Namanga kimefunguliwa rasmi, ambapo maofisa wa nchi zote mbili hukaa katika jengo moja. Lakini njia kuwa wazi si kusema ya kuwa haina taratibu.

Kitambulisho cha nyumbani peke yake msikitegemee. Chukueni pasipoti. Asiye nayo aulize mapema katika ofisi ya Uhamiaji habari za hati ya muda ya kusafiria.

Tena iko sindano ya homa ya manjano. Mtu atokaye Kenya hutakiwa kuonyesha cheti chake. Sindano hii yahitaji siku 10 kabla cheti hakijaanza kufanya kazi, kwa hiyo mtu achomwaye jioni ya kuamkia safari amechelewa. Ukichomwa mara moja, cheti hicho chatosha maisha yako yote. Basi nendeni mwezi mzima kabla ya safari.

HABARI YA MUGUKA

Sasa nasema jambo ambalo laweza kumtia mtu gerezani, nanyi nisikilizeni vema. Hapa kwetu muguka na miraa ni mazao halali. Yamesomesha watoto Mbeere, yamejenga nyumba Maua, na watu wengi huyatafuna njiani ili wasisinzie. Tanzania majani hayo huitwa mirungi, na sheria ya nchi hiyo ya mwaka 2015 yayahesabu pamoja na dawa za kulevya. Ofisa wa mpakani hatauliza kama kwenu ni halali. Atauliza ni nini hiki kilichomo mfukoni mwako.

Kwa hiyo kila mtu apekue koti lake, mkoba wake na chini ya kiti chake kabla ya kufika Namanga. Wala msikubali kuchukua kifurushi cha mtu mwingine, hata akisema ni zawadi ya shangazi yake. Mtu mmoja akikamatwa, safari ya wote imekwisha, na akiba ya miaka miwili itakwenda kwa wakili.

Mifuko ya plastiki nayo ilikatazwa huko tangu tarehe 1 Juni, 2019, kama ilivyokatazwa kwetu mwaka 2017. Chukueni vikapu. Tena msichukue bidhaa za kuuza. Ninyi mnakwenda kama wageni, wala si kama wachuuzi. Mwezi wa Julai 2025 Serikali ya Tanzania ilitoa amri ya kuwakataza wasio raia kufanya baadhi ya biashara ndogo ndogo.

FEDHA

Katika miaka ya karibuni shilingi moja ya Kenya imekuwa ikipata shilingi za Tanzania karibu 20, mara chini kidogo, mara juu kidogo. Mtu akishika noti ya 10,000 asijione tajiri. Badilisheni fedha katika benki au duka lenye leseni, wala si kwa vijana wanaozunguka mpakani. Gawanyeni akiba yenu mafungu manne: nauli ya kwenda na kurudi, malazi, chakula, na fungu la dharura. Nauli ya kurudi iwekwe kando na mhasibu, wala isiguswe.

LUGHA NA ADABU

Mtasema kwamba Kiswahili mnakijua. Ni kweli, lakini Kiswahili chetu cha Kenya kina haraka. Katika safari ile niliyowaeleza, niliingia katika mkahawa mmoja nikasema, "Leta chai!" Mama mwenye mkahawa alinitazama kwa upole, akasema, "Mwanangu, umeamkaje?" Nikaona haya. Chai ililetwa baada ya kusalimiana, nayo ilikuwa tamu kuliko zote nilizokunywa katika safari ile.

Basi vijana, kila mtu aliyewazidi umri mwambieni "Shikamoo," naye atajibu "Marahaba." Mkitaka kitu semeni "Naomba," msiseme "Nipe." Matatu huko ni daladala. Githeri huko ni makande. Mkisahau jina la kitu, ulizeni. Mtu aulizaye kwa adabu hachekwi.

SIKU SABA

Wakati mwema ni mwezi wa Agosti. Masika imekwisha, vuli haijaanza, watoto huwa wamefunga shule, na mavuno makubwa ya kahawa hayajafika.

Siku ya kwanza ni ya kusafiri. Siku ya pili tembeeni Arusha, mwone Makumbusho ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Siku ya tatu nendeni kwa Wameru, na soko la Tengeru. Siku ya nne hamieni Moshi. Siku ya tano pandeni mpaka Marangu, mwone migomba na mifereji. Kileleni msitamani, safari ya huko ni ya siku nyingi na gharama kubwa. Siku ya saba ondokeni kabla ya jua kuchomoza, mpate kufika nyumbani siku iyo hiyo.

Mtaniuliza, siku ya sita iko wapi? Siku ya sita iacheni tupu. Pengine mkulima mmoja atawaambia, "Njoni kesho mwone shamba langu." Mtu mwenye karatasi ya miji mitano hana budi kumjibu kwamba hana nafasi. Ninyi mtakuwa nayo. Wenyeji wa huko husema, kama tusemavyo sisi, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Nanyi mtakaporudi hapa Dallas, na mama zenu wakawauliza watu wa huko wanaishi namna gani, natumaini mtakuwa na jawabu.