Maji Yaliyozidi Yapewe Njia

Ninyi mlio darasani Kwa Mtoro, Mrijo, Farkwa, Chemba na penginepo, kaeni vizuri. Kila mtu awe na kalamu na daftari, maana leo kuna hesabu kidogo. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: TANGI, FURIKA, TOBOA.

Kwetu mvua huja msimu mmoja tu. Huanza Novemba au Desemba, na mwezi wa Aprili huwa imekwisha. Baada ya hapo Mto Bubu hubaki mchanga, na watu huchimba mchanga huo kutafuta maji. Ndiyo sababu wenye nyumba za mabati wameanza kuweka magata na matangi ili kukinga maji ya mvua. Hilo ni jambo jema. Lakini wengi hufikiri sana jinsi maji yatakavyoingia katika tangi, wala hawafikiri yatatokea wapi tangi likijaa. Somo letu la leo ni hilo. Maji yaliyozidi yapewe njia. Usipoyapa njia, yatajitafutia yenyewe, na huenda njia hiyo ikapita chini ya tangi lako au chini ya ukuta wako.

Sasa tufanye hesabu. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya bati la mita 1 kwa mita 1, huleta lita 1 ya maji. Tuseme paa lako lina urefu wa mita 10 na upana wa mita 5. Mara 10 kwa 5, tunapata mita za mraba 50. Ikinyesha mvua kubwa ya milimita 40, mara 50 kwa 40, tunapata lita 2,000. Tangi lako ni la lita 1,000. Je, hizo lita 1,000 nyingine zitakwenda wapi?

(Mwalimu asimame hapa kidogo. Wanafunzi watatu waeleze wanavyofikiri.)

Zitafurika juu ya mdomo wa tangi. Zitateremka ubavuni na kuanguka pale pale kwenye kitako cha tangi. Kumbukeni kwamba lita 1,000 za maji zina uzito wa tani moja. Udongo ulio chini ya kitako ukilowana, hulegea na kuchukuliwa na maji kidogo kidogo. Tangi huinama upande mmoja. Likiwa limejaa, laweza kuanguka, na likimwangukia mtoto achezaye hapo chini, hakuna wa kulizuia. Na kama nyumba ni ya tembe au ya matofali mabichi, ukuta ukilowa miguuni nao hulegea. Maji uliyoyakinga ili yakufae yatakuwa yamekubomolea nyumba.

Dawa yake ni bomba la kufurikia. Hili ni bomba linalotoka juu karibu na mdomo wa tangi, lichukue maji yaliyozidi na kuyapeleka mbali. Ukinunua tangi, tazama kwanza kama lina tundu hilo. Kama halina, itabidi kulitoboa, na kazi ya kutoboa yataka utulivu. Nguo ikikatwa vibaya, fundi cherehani aweza kuitia kiraka. Tangi la plastiki likitobolewa vibaya ni taabu kuliziba, kwa sababu gundi ya mabomba haishiki katika plastiki ya tangi. Kwa hiyo tufuate hatua hizi.

Hatua ya kwanza ni kuchagua mahali. Tundu liwe juu, lakini chini ya mahali maji yanapoingilia. Chagua sehemu laini ya ukuta, si penye mikunjo wala maungio. Hakikisha pia kwamba mkono wako wafika hapo kwa ndani ukiupitisha katika mdomo wa tangi. Tena usitoboe chini mno. Tangi la duara lenye upana wa mita 1 na sentimita 10 hushika kama lita 9 na nusu katika kila sentimita 1 ya kina. Ukitoboa sentimita 10 chini zaidi ya inavyotakiwa, utapoteza kama lita 95 kila tangi linapojaa. Hizo ni karibu ndoo 5 kubwa. Mwezi wa Septemba utazikumbuka ndoo hizo.

Hatua ya pili ni kuchagua bomba. Bomba la kutoa maji lisiwe jembamba kuliko bomba la kuingiza maji. Kama maji yanaingia kwa bomba la inchi 3, yatoke kwa bomba la inchi 3 au zaidi. Kuingiza kwa inchi 3 na kutoa kwa inchi 1 ni sawa na kutokuwa na njia.

Hatua ya tatu ni kupima tundu. Nunua kwanza kiungo cha tangi, chenye nati kubwa na mpira wake. Kipimo cha tundu si upana wa bomba, bali ni upana wa shingo ya kiungo hicho. Weka shingo juu ya ukuta wa tangi, uizungushie kalamu, kisha upime tena kabla ya kukata.

Hatua ya nne ni kutoboa. Maji yawe yamepungua chini ya mahali hapo, na mtu mwingine ashike ngazi. Fundi mwenye drili atatumia kile kikombe cha chuma chenye meno. Asiye nacho atoboe vitundu vidogo vidogo ndani ya mstari, akate kwa msumeno mwembamba, kisha alainishe kwa tupa mpaka shingo ipite bila kulegea. Usitumie chuma cha moto, maana tundu huwa la mshazari na mpira haukai. Machicha ya plastiki yaondolewe yote. Wala mtu asiingie ndani ya tangi lililofunikwa. Hewa ya humo yaweza kumzidi.

Hatua ya tano ni kufunga. Kiungo kipite kutoka ndani, mpira ukae katikati ya kiungo na ukuta, na nati ikazwe kwa nje. Kaza ya kutosha tu. Ukikaza kupita kiasi, mpira utajikunja na maji yatavuja.

Hatua ya sita ni kuyaongoza maji. Weka elbo, teremsha bomba mpaka chini, ulifunge lisitikisike, kisha uyapeleke maji mbali na kitako na mbali na kuta. Yafaa yaende katika tangi la pili, au kwenye mipapai na bustani. Yasiende chooni, wala uwanjani kwa jirani. Mdomo wa bomba uzibwe kwa wavu mwembamba. Mbu aenezaye homa ya dengi hupenda kutaga katika maji yaliyowekwa nyumbani, na bomba lisilo na wavu ni mlango wake. Wavu huo usafishwe mara kwa mara, usije ukazibwa na majani.

Kanuni hii si ya tangi la nyumbani peke yake. Bwawa la Hombolo, huku kwetu Dodoma, lilijengwa mwaka 1957, nalo lina njia ya kutolea maji yaliyozidi. Bwawa la udongo likifurika juu ya ukingo wake, maji huukata ukingo huo na bwawa lote hupotea. Kwa hiyo mnapokaa katika mkutano wa kijiji kuzungumza habari za lambo, ulizeni swali lile lile: likijaa, maji yatatokea wapi?

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Paa lina urefu wa mita 8 na upana wa mita 5. Imenyesha mvua ya milimita 30. Ni lita ngapi?

2. Kwa nini bomba la kufurikia lisiwe jembamba kuliko bomba la kuingiza maji?

3. Kila mtu atazame tangi la nyumbani au la shule. Lina njia ya kufurikia? Maji yake yanaangukia wapi? Andika majibu kwa sentensi mbili, uje nayo wiki ijayo.

Wahenga walisema, maji yakimwagika hayazoleki. Sisi tuseme, maji yatakayomwagika tuyatengenezee njia kabla ya mvua. Kwaherini.