Kabalagala Isiyo na Ngano, na Unga Unaoutilia

Hapa Mengo, Kampala, akina mama huuza kabalagala kando ya barabara, vile vikate vya duara vya ndizi mbivu na unga wa muhogo. Havina yai wala maziwa. Kama daktari amemkataza mtoto wako ngano, hiki ataweza kula. Cha kununua uliza kwanza: wengine huchanganya ngano, na mafuta yaliyokaanga mandazi hayamfai.

Afadhali upike mwenyewe. Ponda ndizi ndogo tamu zilizoiva sana. Kwaruza ganda la chungwa au limau, la juu tu, maana jeupe la ndani ni chungu. Tia unga kidogo kidogo, bila maji, mpaka donge lisigande mkononi. Sukuma, kata kwa mdomo wa glasi, kaanga kwa moto wa kadiri.

Sasa huo unga. Mwaka 2017, wilayani Kasese, watu 98 waliugua kwa sumu ya unga wa muhogo, wawili wakafariki. Kukaanga hakutoshi kuiondoa. Muhogo mchungu humenywa, ukalowekwa siku 3, ndipo ukaanikwa. Kama hujui unga ulikotoka, ulowanishe, uutandaze mwembamba juani kwa muda wa saa 2, au kivulini saa 5, uutumie siku hiyohiyo. Na uuonje kabla hujatia chungwa, kwa sababu chungwa na ndizi huficha uchungu. Ukiwa mchungu, usiupike.