Tutunze Bawaba za Milango Yetu

Akina mama na ndugu wa Ifo, tangu kambi hii ianze mwaka 1991 tumeona milango mingi ya makopo ya mafuta ya kula yaliyonyooshwa. Bati hudumu, bawaba ndizo huisha mapema. Mlango ukianza kukwaruza chini, tusingoje. Usiku komeo halitashika, na mama atalala macho.

Sasa tufanyeje? Tuweke jiwe chini ya mlango libebe uzito, na mtu aushike. Tubadilishe bawaba moja, kisha ya pili. Tukizitoa zote pamoja utamwangukia mtu. Tundu la msumari likilegea, tupigilie pengine penye mti mzima. Tutie tone la mafuta, tupanguse yasishike mchanga. Na jirani asiye na nyundo, tumsaidie leo, siyo kesho.